Taa Imeiva

Nimeamka alfajiri kukanda unga,
oveni yangu ya bati haipo jikoni.
Ipo uani, ina makaa juu na chini,
na Mfaume kaichuchumalia kama kuku mwenye mayai.
"Unaoka nini?"
"Taa, mama."

Miaka kumi na tisa nauza mikate hapa Masasi.
Nimeoka ya maulidi, ya msiba,
ya wagonjwa wa Mkomaindo wasio na meno.
Taa, sijawahi.

Akanieleza bila kuinua uso:
gundi ya kiwandani haisikii bisibisi,
moto ukiwa wa wastani inalegea,
ukizidi, plastiki inajikunja kama uso wa mdaiwa.
Wastani wa nani?
Simu yake ilikuwa inampa nyuzi,
na oveni yangu haijui nyuzi, inajua mkono.
Nikaweka kiganja mlangoni, nikahesabu mpaka saba,
nikatoa makaa mawili.

Kwa muda wa rakaa mbili, tatu,
taa ikaiva.
Kioo kikaachia, gundi ikivutika kama mlenda,
na ndani, chini ya balbu, tukakuta mdudu:
mkavu, mwenye mbawa, mwepesi kuliko ganda la kitunguu.
Si wa kwetu. Wa kwetu nawajua, wananizimia kibatari.
Huyu alipanda meli huko Japani bila nauli,
akapita Mingoyo, akapandisha mpaka huku,
barabara yote ikimulikwa mbele yake
na yeye kafa.
Mfaume akampuliza: fuu.

Karina hiyo ni mkubwa wa Mfaume kwa miaka miwili.
Aliinunua kwa korosho za shamba la baba yake,
na chenji ya mnada wa pili ikanunua rangi ya kopo, nyeusi.
Akasugua ganda la ndani kwa msasa,
akalifuta kwa spiriti,
panapong'aa akapaziba kwa utepe wa karatasi, taratibu,
yeye ambaye hajawahi kutandika kitanda chake.
"Hapa ukipaka, mama, utaendesha gizani."
"Na hapo pengine, kwa nini nyeusi?"
Akafikiri. "Ili ionekane inatazama."

Basi si ungesema wanja!
Jicho la bibi harusi ni lilelile la jana,
wanja ndio unalifanya liseme.
Nikamshikia kopo.

Mikate ya siku ile ilinuka tairi.
Mama Tausi aliurudisha wake, umeng'atwa mara moja.

Wiki nzima vijana wa stendi walikuja kuinama
mbele ya Karina kama wanaoangalia kisima.
Kisha mvua ya kwanza ikapiga,
na asubuhi taa ya kushoto ilikuwa na mtoto wa jicho:
ukungu, matone, ile nyeusi yote imegeuka majivu.
Mfaume akapiga tairi teke. Akaumia yeye.

Nikamwambia leta silikoni.
Leta na makaa.
Wewe ulibandika kioo kama unafunga bahasha,
na maji hayasomi barua, yanatafuta kona.
Nikapita ukingo wote kwa ncha za vidole,
bana, kunja, bana,
kama sambusa mia mbili za Ramadhani
ambazo hata moja haijawahi kunifungukia mafutani.

Ila kabla sijafunga,
yeye akiwa kisimani,
nilikwenda kwenye kisahani cha hiliki
nikamtoa yule mdudu, nikamrudisha
nyuma ya rangi, pasipoonekana.
Kafika mbali mno kuachwa uani.

Jana usiku mvua ilinyesha mpaka mabati yakachoka kulia.
Mfaume alikuwa na abiria wa Newala.
Nilisimama mlangoni na khanga kichwani
nikiiangalia Karina ikitoka, macho makavu yote mawili,
la kulia lake, la kushoto langu.

Mama Tausi bado ananunua mkate kwa Nakachinda.
Atarudi.
Wa Nakachinda hauna chumvi.